Kuunda kigunduzi cha mvunjiko adimu wa kiini cha atomu

Ndugu mtazamaji, kabla hujashika bisibisi, shika kalamu. Chukua kilo 100 za gerimani-76, aina mojawapo (isotopi) ya metali-nusu iitwayo gerimani. Tunautafuta mvunjiko ambao kiini hutoa elektroni mbili bila nyutrino hata moja, yaani chembe ndogo mno isiyo na chaji. Tuseme nusumaisha yake, yaani muda wa nusu ya viini kuvunjika, ni miaka 10 kwa kipeo cha 26 (1 yenye sufuri 26). Ukipiga hesabu utapata matukio kama matano kwa mwaka mzima. Na mwili wako, kwa potasi iliyomo, una mivunjiko elfu kadhaa kila sekunde! Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi yetu ni kunyamazisha kelele.

Hatua ya kwanza, shuka chini ya ardhi. Kule Gran Sasso, Italia, maabara imefunikwa na mwamba wa takriban mita 1,400, na myuoni, chembe zinazotoka angani na kupenya mwamba, hupungua mara milioni hivi.

Sasa ngao, na hapa tusiende haraka. Risasi, ile metali nzito, huzuia vizuri miale ya gama, ila risasi mpya huwa na risasi-210, ambayo yenyewe ni nururifu, yaani hutoa mionzi. Nusumaisha yake ni miaka 22 hivi, basi tafuta risasi kuukuu. Jaribio la CUORE, linalotafuta mvunjiko kama huu huko Gran Sasso, linatumia risasi ya Warumi, iliyoopolewa kwenye merikebu iliyozama karibu na Sardinia miaka 2,000 hivi iliyopita. Kila nikilisimulia hili nasisimka. Shaba nayo ikikaa juu ya ardhi, miale ya anga huzalisha kobalti-60, nayo ni nururifu, ndani yake. Wenzetu wa jaribio la Majorana, Marekani, waliitengeneza shaba yao kwa umeme huko huko chini.

Vaa glavu. Alama moja ya kidole yatosha kuharibu. Puliza nitrojeni muda wote, gesi nururifu ya radoni isiingie.

Haya, fuwele. Gerimani ya asili ina chini ya asilimia 8 ya isotopi tunayoitaka; irutubishe ipite asilimia 85. Fuwele hiyo ndiyo chanzo, na ndiyo kigunduzi. Itumbukize kwenye agoni ya kimiminika ipoe, kisha uanze kupima nishati. Mvunjiko wa kawaida, unaotoa elektroni mbili pamoja na nyutrino, hupoteza nishati kwa nyutrino hizo, hivyo vipimo vyake hutawanyika. Wetu utasimama kama kilele chembamba kwenye kiloelektronivolti 2,039 (kipimo cha nishati).

Mwisho, ficha data zote za karibu na 2,039 mpaka kanuni za uchambuzi zikamilike, macho yasije yakaona yanachokitamani. Wanasayansi wa jaribio la GERDA, lililotumia gerimani-76 huko Gran Sasso, walifanya hivyo. Matokeo yao ya mwisho, mwaka 2020, hayakuonyesha kilele: nusumaisha inazidi miaka 1.8 mara 10 kwa kipeo cha 26.