Fomu ya QField ijijaze yenyewe: tarehe, ekari na kijiji cha shamba la mikorosho

Karibuni tena, ndugu zangu wa vipimo. Leo ni kile ninachokipenda kuliko vyote katika kazi hii: kuandika fomula ndani ya fomu, ili kijana akimaliza kulizunguka shamba kule Newala au Masasi, simu yenyewe ijaze tarehe, ekari na kijiji. Yeye abaki na kazi inayotaka macho na masikio: kuhesabu miti na kumsikiliza mwenye shamba.

Programu za ramani ni mbili: QGIS kwenye kompyuta, QField kwenye simu, zote ni za bure. Leya yangu, yaani tabaka la ramani, inaitwa mashamba, ni ya poligoni, maumbo yenye mipaka iliyofungwa. Safu nimeshazitengeneza, hapo sikai. Bofya leya mara mbili, ingia kwenye fomu ya sifa, chagua safu ya tarehe, shuka mpaka sehemu ya thamani ya awali. Andika:

now()

Sasa simama hapo. Chini ya fomula kuna kisanduku kidogo cha tiki. Ukikiwekea tiki, hesabu inapigwa upya kila rekodi inapohaririwa. Kwenye tarehe usikiguse. Mimi niliwahi kukiwekea tiki. Baada ya wiki mbili za vipimo nikakaa jioni moja kurekebisha tahajia za majina ya wakulima, na kila shamba nililolirekebisha likavaa tarehe ya jioni ile. Tulirudi kwenye madaftari, shamba kwa shamba. Tazama kioo changu: kisanduku kiko wazi. Tazama na chako.

Ah, na saa itakayoandikwa ni ya kizungu. Ukiona 08:15, ni saa mbili na robo asubuhi, simu haijakosea.

Ekari:

round(area(transform($geometry, 'EPSG:4326', 'EPSG:32737')) / 4046.86, 2)

Isome kutoka ndani. $geometry ni umbo ulilolichora. Leya yangu inatunza nyuzi za latitudo na longitudo, na nyuzi hazipimi shamba. Kwa hiyo transform inalihamishia kwenye mita, kanda ya 37 kusini ya mfumo wa ramani wa UTM, ambayo Mtwara yote imo. Area inatoa mita za mraba, tunagawa kwa 4046.86 kupata ekari, round inabakiza desimali mbili. Ukiiacha transform utapata sifuri tupu, na mkulima amesimama pembeni anasubiri jibu lako.

Na hapa, kwenye ekari, kile kisanduku weka tiki! Ukisogeza kona ya mpaka, ekari lazima zibadilike. Ekari tiki, tarehe hapana. Narudia: tarehe hapana.

Usahihi wa GPS ni mfupi: @gnss_horizontal_accuracy. Kompyuta haitaonyesha kitu, thamani inatoka kwenye simu. Mimi siachi kuiweka, kwa sababu chini ya mikorosho mikubwa iliyofungana mita zinapotea, na ni vizuri mtu wa ofisini alione hilo. Tiki? Hapana.

Kijiji:

aggregate(layer:='vijiji', aggregate:='concatenate', expression:="jina", filter:=contains($geometry, centroid(geometry(@parent))))

Maana yake: nenda kwenye leya ya vijiji, tafuta kijiji kinachobeba kitovu cha shamba hili, niletee jina lake. Nimetumia kitovu kwa sababu mashamba mengi yanakanyaga mpaka wa vijiji viwili. Angalia alama za nukuu: 'vijiji' ina moja moja kwa kuwa ni maandishi, "jina" ina mbili mbili kwa kuwa ni safu. Ukizigeuza, fomula inakufa.

Haya, tuhamie kwenye simu. Nachora shamba hili la majaribio, kona, kona, kona, namaliza. Tarehe imekuja. Ekari 2.31, safi. Kijiji... kijiji hakijaja. Sikati video, tutafute pamoja. Fungua orodha ya leya. Unaona? Leya ya vijiji haimo kwenye simu. Nilipofungasha mradi kwa QFieldSync, kiongezi cha QGIS kinachoandaa mradi uende kwenye simu, iliwekwa kwenye leya za kuondolewa. Fomula haiwezi kuuliza leya isiyokuwepo. Narudi kwenye kompyuta, nabadilisha vijiji isafiri na mradi, nafungasha upya, nahamishia kwenye simu.

Nachora tena. Kijiji kimekuja chenyewe, mnaona! Sasa jaribio ninalolifanya kila mara kabla sijamkabidhi mtu simu: nasogeza kona moja nje kidogo, nahifadhi. Ekari zimepanda mpaka 2.48. Tarehe? Ni ile ile, dakika ile ile. Hapo simu iko tayari. Shamba lililopandwa kwa nafasi ya mita 12 kwa 12 kati ya miti hubeba miti kama 28 kwa ekari, kwa hiyo hapa nategemea kama 70. Twende tukahesabu.