Pangani: Safari Iuzwe kwa Maji, Isiuzwe kwa Saa ya Basi

Assalaam alaykum, na habari za asubuhi. Manahodha, waongoza wageni, wenye nyumba za kulala wageni, ndugu zetu wa halmashauri, ahsanteni kwa kuja. Historia ya mji huu mnayo, wengi wenu mmeirithi kwa babu zenu, sitaanza nayo. Nitaanza na jambo ambalo nimelisema hapa Pangani mpaka baadhi yenu mnalijua kwa moyo: safari za boti zipangwe kwa kujaa na kupwa kwa maji. Nitalisema tena, kwa sababu bado halijafanyika.

Tazameni safari ya kawaida inavyokwenda. Mgeni anashuka kutoka Tanga saa tano. Anaambiwa kuna Maziwe, lile fungu la mchanga huko baharini, kuna mto, achague. Anachagua Maziwe. Anatafutiwa boti, anatafutiwa mafuta, anakula, boti inatoka saa saba na nusu. Kama siku hiyo ni bamvua, siku ya maji makubwa, anafika wakati fungu limeshabaki kipande cha mchanga, na kabla ya saa kumi hata kipande hicho hakipo. Kulipa kalipia kisiwa. Alichopata ni mawimbi, upepo wa alasiri na nguo zilizolowa. Anaondoka akisema Pangani hakuna kitu, na hatuna haki ya kumlaumu.

Sasa hesabu yenyewe, kwa ajili ya wasioshika usukani. Katika pwani yetu, siku za mwezi mwandamo na siku za mwezi mpevu, maji hupwa karibu saa nne asubuhi na saa nne usiku, na hujaa karibu saa kumi alfajiri na saa kumi jioni. Hilo ndilo bamvua: maji yanakwenda mbali na yanarudi juu sana. Kila siku inayofuata, nyakati zinasogea mbele kwa dakika 50 hivi. Baada ya wiki zimegeuka kabisa: maji yanajaa saa nne asubuhi na kupwa saa kumi jioni, na yanakuwa maji mafu, hayajai sana wala hayapwi sana. Wiki nyingine ikipita tumerudi kwenye bamvua. Mwenye kalenda ya Kiislamu ukutani anayo ratiba ya boti ya mwezi mzima: tarehe 1 mpaka 3 na 15 mpaka 17 ni bamvua, tarehe 8 na 22 ni maji mafu.

Kwa hiyo siku ya bamvua Maziwe inakwenda hivi. Wageni wawe gatini saa moja na robo, wamevaa jaketi okozi kabla ya kupanda, si baada ya boti kuanza kuyumba. Toka saa moja na nusu. Mto unatoka, unakusukuma, na kwenye mlango wa mto bado kuna kina cha kutosha. Ukichelewa mpaka saa tatu na nusu, mchanga wa mlangoni umepanda na panga la injini linachimba. Saa tatu uko Maziwe, fungu linazidi kutokeza. Wageni waogelee kwenye matumbawe mapema, maana kupwa kukikamilika maji juu ya mwamba yanakuwa machache, na mgeni aliyechoka atasimama juu ya matumbawe kwa miguu yake yote miwili. Tawi linalovunjika dakika hiyo limechukua miaka kukua. Saa tano na nusu pakieni. Mnarudi maji yakijaa, mlango wa mto ukiwa umefunguka, kabla upepo wa mchana haujashika. Saa saba mko mezani.

Kwa nini nasisitiza kurudi na maji yanayojaa? Kwa sababu pale mlangoni hatari haiji na wimbi peke yake. Inakuja mto unapotoka kwa nguvu huku upepo unavuma kutoka baharini: maji mawili yanakutana uso kwa uso, wimbi linakuwa fupi, limesimama, boti ndogo inaingiza maji kwa mbele. Wakati wa kusi, upepo wa kusini, hasa Juni mpaka Agosti, hali hiyo inaweza kukukuta hata asubuhi, na nahodha akisema leo hatutoki, mwenye hoteli anyamaze.

Sasa nawasikia manahodha wakinong'ona: huyu anatufundisha maji sisi? Hapana. Nyinyi mnayajua maji kuliko mimi. Lakini anayeuza safari si anayeshika usukani! Safari imeuzwa juzi, Tanga au Arusha, na kijana wa mapokezi ambaye hajawahi kuuliza leo ni tarehe ngapi ya mwezi. Nahodha anaitwa saa saba, mgeni ameshalipa, na nani atarudisha hela? Ujuzi upo mtoni, uamuzi uko kwenye simu ya mtu mwingine. Hapo ndipo pa kurekebisha.

Mwingine atasema, subiri, daraja na lami vitaleta wageni. Vitaleta, naam. Vitaleta wageni wengi zaidi saa tano ya mchana.

Na wa tatu atasema mgeni ana siku moja tu. Sawa, basi ulizeni ni siku gani. Siku ya bamvua Pangani inampa mgeni vyote viwili: Maziwe asubuhi, mto jioni. Toka saa nane na nusu, panda na maji yanayojaa, hutumii hata nusu ya nguvu ya injini. Maji yakisimama, zima injini. Nasema zima, msipunguze tu. Acheni boti irudi na mkondo, mtumie kasia kunyoosha. Hapo ndipo mgeni anasikia ndege, anamwona mdiria, anamwona mamba aliyelala ukingoni kabla mamba hajamsikia yeye. Mikono ibaki ndani ya boti, na watoto wakae katikati. Siku za maji mafu mnageuza: mto asubuhi saa mbili, mji mchana, na Maziwe msiiuze, kwa sababu kupwa kunaangukia saa kumi jioni katikati ya upepo.

Na mkiwa mtoni, muwe na la kusema zaidi ya "hii ni mikoko". Mlilana uko mbele unaopigwa na maji, mkoko wenye miguu nyuma yake, mkandaa na mchu huko panapokauka. Waonyesheni minazi iliyokufa kichwa kando ya mto na muwaambie sababu. Maji haya yanatoka Kilimanjaro na Meru, yanapita bwawa la Nyumba ya Mungu, yanazungusha mitambo pale bwawani, kisha Hale na Maporomoko ya Pangani, megawati 8, 21 na 68. Yanamwagilia mashamba njia nzima. Bonde zima lina kilomita za mraba zipatazo 43,650, na sisi ndio wa mwisho kwenye foleni. Kiangazi maji matamu yakipungua, chumvi inapanda mto, mnazi unakunywa usichokitaka. Ofisi ya bonde ipo tangu mwaka 1991, na kazi yake ni kugawa maji haya. Mgeni akielewa hilo ameelewa mto kuliko akihesabishiwa mamba.

Turudi Maziwe, kwa sababu sijamaliza. Fungu lile lilikuwa kisiwa chenye mivinje. Lilifanywa hifadhi mwaka 1975 kwa ajili ya kasa: kasa wa kawaida, ng'amba na kigome walikuwa wakitaga pale. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 miti ilikuwa imekwisha, na leo bamvua inalifunika lote. Kasa bado anapanda, kwa sababu kasa anarudi alikozoea, lakini yai likizama kwenye maji ya chumvi limekufa. Ndiyo maana mayai yanahamishiwa ufukweni Ushongo. Na hapa wageni wanaharibu bila kujua, wakiongozwa na sisi.

Kuhamisha ni kazi ya waliofunzwa na wenye kibali. Mayai yanatolewa ndani ya saa chache baada ya kutagwa, moja moja, bila kugeuzwa, maana kiini kikishajishika kwenye ganda ukigeuza yai umekiua. Shimo jipya linachimbwa juu ya mstari wa bamvua, kwa kina kile kile na umbo lile lile, jembamba juu na pana chini. Kwa hiyo mgeni anayeomba "nishike moja tu nipige picha" anakataliwa, hata akitoa dola. Baada ya siku 50 hadi 60 wanatoka. Siku ya kuangua, wageni wanasimama nyuma ya kiota na pembeni, hakuna aliye kati ya kiota na bahari. Alama za nyayo zinasawazishwa kwanza, kwa sababu unyayo mmoja kwa kasa mdogo ni bonde, na humo kaa na kunguru wanamkuta. Hakuna tochi, hakuna mwanga wa kamera. Mtoto wa kasa anafuata mwanga. Taa ya baa inayoangalia bahari ikiwaka, anageuka anaifuata. Na asibebwe kupelekwa majini: aachwe atambae mchanga wote mwenyewe. Wenye hoteli wa Ushongo, taa zielekezeni chini, zifunikeni upande wa bahari, na msimu wa kuangua zimeni mapema. Hilo halihitaji mfadhili.

Naonyeshwa saa. Basi mji kwa haraka, ingawa nilitaka kuusemea zaidi.

La kwanza. Semeni mnachokijua kama mnachokijua, na kinachosimuliwa kama kinachosimuliwa. Habari ya watu waliozikwa hai kwenye msingi wa Boma, lile jengo la kale la utawala, inasimuliwa, basi semeni inasimuliwa. Lakini Bushiri bin Salim hana haja ya kutiwa chumvi. Mwaka 1888 Wajerumani wa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki walipopandisha bendera yao hapa, watu wa Pangani walikataa, Bushiri akawaongoza, na tarehe 15 Desemba 1889 akanyongwa katika mji huu huu. Zelewski, mtu wa kampuni aliyesimamia ubabe ule, alikuja kuuawa na Wahehe huko Lugalo, Iringa, Agosti 1891. Mgeni kutoka Iringa mwambieni hilo, mtaona atakavyosimama.

La pili, nyumba za mawe. Acheni saruji! Ukuta wa matumbawe na chokaa unapumua. Unyevu na chumvi vinaingia na kutoka. Ukiupiga plasta ya saruji unafunga chumvi ndani, jiwe linasagika nyuma ya plasta nzuri, na baada ya masika chache kipande chote kinaanguka kimebeba uso wa ukuta. Chokaa iliyozimwa kwa maji na kukaa shimoni wiki kadhaa, sehemu moja kwa tatu za mchanga usio na chumvi, ipigwe tabaka nyembamba, inyunyiziwe maji asubuhi na jioni kwa wiki nzima, ikingwe jua. Mafundi wanaolalamika kwamba chokaa inapasuka mara nyingi ndio walioiacha ikauka siku moja.

Hifadhi ya Saadani na ada za vibali sitaweza kuzigusa leo. Ninachoomba kabla ya maswali ni ubao. Ubao mmoja wa mbao kando ya pantoni, upande wa mji, na mwingine Bweni, ng'ambo ya mto. Safu nne: tarehe, saa ya kujaa, saa ya kupwa, safari inayofaa. Nahodha mmoja anayechaguliwa na wenzake aujaze kila Jumapili jioni kwa wiki inayofuata, apige picha, aitume kwa kila hoteli na kila wakala anayetuletea wageni. Wakala atakayeuza Maziwe kwa saa isiyo kwenye ubao, boti isitoke, na mgeni aelezwe ni kwa nini. Anayepinga hilo aanze yeye kuuliza.