Mzinga wa Verne na jogoo wake

DEO: Dada Zuhura, najua leo tumepanga kumpa msomaji anayeanza waandishi watano wa hadithi za kisayansi, na mambo matatu ya kuchagua kitabu. Ila wiki hii mpwa wangu kanirudishia Jules Verne, kile cha 1865 cha watu wanaofyatuliwa kwa mzinga kwenda Mwezini, pembeni kaandika kwa penseli: "Hawa wote wamekufa."

ZUHURA: Kapiga hesabu huyo.

DEO: Kapiga. Mzinga una futi 900, karibu mita 270. Kombora walimokaa linatakiwa litoke kwa kilomita 11 kwa sekunde. Kasi ipige kipeo cha pili, gawa kwa urefu mara mbili, unapata mara 22,000 ya uvutano wa Dunia. Mtu wa kilo 60 anajikuta na uzito wa tani 1,300.

ZUHURA: Lakini Verne aliliona hilo, kaka. Aliweka maji ya kina cha futi tatu chini ya sakafu ili yapokee mshindo.

DEO: Futi tatu hazifiki hata mita moja! Ukitaka abiria asipate zaidi ya mara 4, kama kwenye Saturn V, roketi iliyopeleka watu Mwezini, mtutu uwe wa kilomita 1,500. Unaipita reli ya Dar hadi Kigoma. Ndiyo maana roketi inakwenda polepole, dakika kadhaa, badala ya kumaliza kazi ndani ya sekunde 0.05.

ZUHURA: Na jogoo?

DEO: Jogoo yupi tena?

ZUHURA: Kitabu kilichofuata, cha 1870. Michel Ardan, mmoja wa abiria, kaingiza kuku na jogoo kwa siri. Mbwa anakufa kwa mshindo, jogoo anawika!

DEO: Mara 22,000, halafu anawika!

ZUHURA: Kwa sauti! Sasa mpe Verne haki yake: alichagua Florida.

DEO: Kwa sababu nyingine. Yeye alitaka mahali ambapo Mwezi unapita utosini, na kwa hilo huwezi kwenda mbali na ikweta kupita latitudo 28 hivi. Wamarekani wa Apollo, zile safari za kweli za Mwezini, walifuata bahari upande wa mashariki na msukumo wa mzunguko wa Dunia. Ukikaribia ikweta msukumo unazidi, ndiyo maana setilaiti iitwayo Uhuru ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, pwani ya Kenya karibu na Malindi.

ZUHURA: Vizuri. Lakini anayeanza mimi simpi Verne. Nampa H. G. Wells, kile cha 1901, cha Mwezini pia. Anakuomba ukubali uongo mmoja tu, kwamba kuna kitu kinachozuia uvutano, basi. Mengine yanafuata. Bamba la kwanza likiwa tayari, hewa iliyo juu yake inakosa uzito, inafyatuka kwenda juu, inazuka dhoruba inayobomoa nyumba. Chombo chenyewe kinaongozwa kwa kufungua na kufunga mapazia ya kitu hicho.

DEO: Uongo huo mmoja unavunja kila kitu. Weka gurudumu, nusu yake ikae juu ya bamba, litazunguka milele bila mafuta. Wells hakugusa hilo. Kosa la Verne mwanafunzi analikamata kwa kanuni ya darasani, na hapo ndipo anapojifunza kusoma aina hii ya vitabu.

ZUHURA: Anajifunza kusahihisha. Kusoma ni kuuliza: ingekuwa hivi, nini kingetokea?

DEO: Bila hesabu huwezi kujua nini kingetokea.

ZUHURA: Huyo mpwa alimaliza kitabu?

DEO: Aliishia kwenye mzinga.

ZUHURA: Enhe!

DEO: Enhe nini? Kafikiri kuliko aliyekimaliza. Sikubali, dada.

ZUHURA: Wala mimi. Na zimebaki dakika mbili, mwandishi Ursula Le Guin hatujamgusa.

DEO: Wala yale mambo matatu ya kuchagua kitabu.

ZUHURA: Yaache. Stanisław Lem upesi: *Solaris* ya 1961, kwa Kiingereza tafuteni tafsiri ya Bill Johnston ya 2011, imetoka Kipolandi moja kwa moja. Ile ya 1970 ilipitia Kifaransa kwanza.

DEO: Octavia Butler?

ZUHURA: *Kindred*, 1979. Anzeni na hicho kabla ya...

DEO: Muda, dada. Muda umekwisha.