Hodi Tatu: Maneno machache kabla ya filamu

Habari za jioni, wapenzi wa filamu. Wa nyuma mnanisikia? Haya. Leo tunatazama filamu ya kutisha, Night of the Living Dead, lakini kwanza niseme machache juu ya ujinga wa wahusika wa filamu hizi.

Mimi shule yangu ya sinema ilikuwa kibanda umiza: mabenchi ya mbao, televisheni moja, na watazamaji hamsini, kila mmoja na ushauri wake. Binti wa kwenye filamu akishika kitasa cha mlango, ukumbi mzima unapiga kelele, "Wee dada, usiingie humo!" Naye huyoo, anaingia. Bibi yangu, aliyetufundisha kwamba ukipiga hodi tatu bila kuitikiwa unarudi zako, alitazama nasi mara moja tu. Akasema watu wale hawakulelewa.

Nilikubaliana naye kwa miaka mingi. Siku hizi nabagua. Upo ujinga wa mhusika, na upo ujinga wa mwandishi.

Chukueni Halloween ya 1978. Laurie mara mbili anamwangusha Michael Myers, na mara mbili anakiacha kisu palepale alipolala muuaji. Pale kibandani tulimtukana mpaka koo zikakauka. Lakini huyu ni msichana wa shule, jioni ile alikuwa akilea watoto wa majirani. Ametoka kumchoma mtu. Kisu kile anakiachia kama mtu aliyeshika sufuria ya moto. Mimi namwelewa.

Sasa njooni Prometheus, ya 2012. Mwanabiolojia amekwama usiku ndani ya jengo la kale, kwenye mwezi wa sayari ngeni. Kinamwinukia kidude cheupe, kimetuna shingo kama swila. Anakibembeleza! Ananyoosha mkono! Mtoto yeyote aliyewahi kutumwa kuni anajua shingo ile inasema nini. Huyo si mjinga jamani, ni mwandishi aliyehitaji maiti kabla ya kufika ukurasa fulani.

Kinachoniuma ni kwamba mwongozaji ni Ridley Scott yuleyule wa Alien, 1979. Kule Kane, mfanyakazi wa chombo cha angani, anarudi chomboni na mdudu kamkumbatia uso. Ripley, mwenzake aliye ndani, anakataa kufungua mlango: sheria ni karantini, saa 24. Nahodha anaamuru afungue, Ripley anashikilia hapohapo. Anayefungua ni Ash, mwenzao mwingine. Semeni kweli, mlipoitazama mara ya kwanza mlikuwa upande wa nani? Mimi nilimwona Ripley hana utu. Mwenzako anakufa mlangoni, wewe unamsomea kanuni? Na Ash, niliyemdhania mwenye huruma, alikuwa mashine yenye maagizo ya kampuni: kiumbe kile kifike, wafanyakazi si kitu.

Basi turudi kwenye filamu ya leo, Night of the Living Dead, ya George Romero, 1968. Wafu wamefufuka, watu saba wamejificha katika nyumba moja ya shambani. Ben anataka wabaki juu, wapigilie mbao madirishani, wawe na pa kutokea. Harry Cooper anataka wote washuke chini, kwenye chumba chenye mlango mmoja tu. Cooper ni mwoga, mbishi, hasaidii hata kushika nyundo. Ben ni mtulivu, ana mikono ya kazi. Kwa hiyo sote tunamfuata Ben, wala hatujiulizi kama hoja yake ni nzuri au ni yeye tu anayependeza.

Nawaomba kitu kimoja. Wakianza kubishana, chagueni upande, kisha mkumbuke mlichochagua. Mwangalieni na binti wa Cooper, aliyelazwa kule chini na jeraha la kuumwa, ambaye wazazi wake wanamwita mgonjwa. Halafu mtazameni Ben usiku ukikaribia kwisha, amejificha wapi.

Ya asubuhi sisemi. Filamu ni dakika 96. Kijana, zima taa. Na mlango huo wa nyuma, mtu aurudishie, ila asiende peke yake.