Mimea Inayoelea: Tazama Juu ya Jani

MUTHONI: Karibuni tena. Leo tuko juu ya maji, kwenye mimea inayoelea ndani ya tangi la samaki. Baraka, kuna lalamiko moja halikosi: mtu ananunua Limnobium nzuri, kijani kibichi, wiki ya pili imekuwa uji. Kosa liko wapi?

BARAKA: Mara nyingi liko juu ya jani. Watu hukimbilia mbolea, kumbe kinachoua ni tone linalodondoka kutoka kwenye kifuniko. Geuza jani la Limnobium uone: chini lina mto laini kama sponji, umejaa hewa, ndio unaolielesha. Upande wa juu hauna kinga hiyo. Ukilowa siku kadhaa mfululizo, madoa ya kahawia yanaanza, kisha jani linaoza.

MUTHONI: Salvinia je?

BARAKA: Hiyo ina vinyweleo. Tone likiangukia jani lake linakaa duara kama ushanga, halafu linateleza. Ndiyo maana anayeanza namwambia achukue Salvinia.

MUTHONI: Sasa tuondoe kifuniko?

BARAKA: Aa, samaki wataishia sakafuni! Acha sentimita tano kati ya maji na kifuniko, kisha kiinue upande mmoja kwa kizibo cha chupa. Matone yatatiririka hadi ukingoni badala ya kudondokea majani. Julai ndiyo mbaya zaidi hapa Nairobi: hita inashikilia maji kwenye nyuzi 25, chumba usiku kimeshuka hadi 17, basi mvuke wote unageuka matone kwenye kifuniko.

MUTHONI: Na mkondo wa filta. Mimi naona huo unaua mimea mingi kuliko kifuniko.

BARAKA: Haya, hapo sibishani sana. Mmea unaozungushwa na kuzamishwa mchana kutwa haukai. Elekeza mdomo wa filta kwenye ukuta wa tangi, halafu tengeneza duara la mpira wa hewa, ule mwembamba wa pampu.

MUTHONI: Vipimo, tafadhali. Tangi la sentimita 60 kwa 30.

BARAKA: Kata mpira sentimita 60, unganisha ncha mbili kwa kiunganishi cha plastiki. Unapata duara la upana wa sentimita 19 hivi, linaelea lenyewe. Usikate mita nzima, kwa sababu duara litakuwa sentimita 32 na tangi lako lina 30! Ncha zibane vizuri. Maji yakiingia ndani ya mpira, duara linazama upande mmoja na mimea inapenya. Lishike kwenye kioo kwa kikombe cha mpira kinachonata.

MUTHONI: Mimea inakaa ndani ya duara au nje?

BARAKA: Ukiwa na mimea michache, ndani, mbali na filta. Ikishazaana, geuza: duara libaki tupu, liwe dirisha la chakula na mwanga kwa mimea ya chini.

MUTHONI: Na itazaana. Majani yanavuta kaboni dayoksaidi moja kwa moja kutoka hewani, hayangoji ile iliyoyeyuka majini. Taa ya saa nane kwa siku inatosha kabisa.

BARAKA: Ndiyo maana kila wiki unatoa theluthi, na usiruhusu zaidi ya nusu ya uso wa maji kufunikwa. Watu wengi wanaona huruma kutupa, na hapo ndipo samaki wanapokufa.

MUTHONI: Eleza hapo, maana stima hupotea.

BARAKA: Usiku mimea nayo inatumia oksijeni kama samaki. Uso ukifunikwa wote, hewa mpya haiingii vizuri. Filta ikiwa inafanya kazi, inakuokoa kwa kutikisa maji. Stima ikikatika saa nne usiku, kufikia alfajiri utakuta samaki wako juu wanahema. Weka pampu ndogo ya betri, na stima ikipotea, kwanza sogeza mimea upande mmoja.

MUTHONI: Tuje kwenye rangi. Majani yamekuwa manjano.

BARAKA: Yapi? Mapya yakiwa manjano na mishipa imebaki kijani, madini ya chuma yamepungua. Ya zamani yakianza kuwa manjano, ni naitrojeni. Ya zamani yakitoboka vitundu, potasiamu. Maji yetu ya bomba, mengi yanatoka bwawa la Ndakaini, ni laini, hayana madini mengi. Ya kisima kirefu ni habari nyingine. Anza na nusu ya kipimo cha mbolea kilichoandikwa kwenye chupa, mara moja kwa wiki.

MUTHONI: Lakini kabla ya kununua chupa, hesabu mimea. Mizizi ikiwa mirefu kupita kiasi na majani yamekuwa madogo, huenda ni midomo mingi kwenye sahani moja.

BARAKA: Kweli. Punguza kwanza.

MUTHONI: Mimea mipya inaingiaje?

BARAKA: Isuuze, uikague chini ya majani kwa mayai ya konokono, ikae wiki nzima kwenye ndoo karibu na dirisha. Chambua Lemna yote, ule mmea wa kijani mdogo kama kichwa cha kiberiti. Ikibaki moja tu, utaichota miaka.

MUTHONI: Wenye goldfish, hao watawamalizia Lemna na mizizi ya mimea mingine pia. Na ile theluthi ya kila wiki inaenda wapi?

BARAKA: Kokote isipokuwa mtoni au mtaroni. Salvinia molesta ilianza kusumbua Ziwa Naivasha miaka ya 1960, na gugumaji la Ziwa Victoria kila mtu analijua. Yote mawili asili yake ni Amerika Kusini. Itandaze kwenye gunia juani hadi ikauke ivunjike mkononi, ndipo uichanganye na udongo wa sukuma wiki.

MUTHONI: Ichunguze kwanza kabla ya kuianika. Vifaranga vya samaki hujificha kwenye mizizi. Itikise ndani ya ndoo ya maji ya tangi, ngoja dakika tano, kisha uangalie chini.