Namna ya kuzalisha deilili nyekundu zinazolihimili jua la Dodoma

Habari za asubuhi, watazamaji wangu. Hapa ni uani kwangu Nkuhungu, saa moja na nusu, jua bado lina adabu. Leo tunaozesha maua, yaani tunachukua chavua, ule unga wa kiume wa ua moja, tunaipaka kwenye ua jingine ili tupate mbegu.

Ua lenyewe ni deilili. Linachanua asubuhi, jioni limesinyaa, kesho linafunguka jingine kwenye bua lile lile. Kwa hiyo ukichelewa leo, hili hulipati tena.

Kwanza wazazi, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo tunapopotea. Unaliona ua asubuhi limekolea, rangi ya damu ya mzee, moyo unakwenda mbio. Subiri. Rudi saa tisa alasiri uone: petali zimebabuka, zina mabaka kama kanga iliyomwagikiwa jiki. Mzazi wa namna hiyo mwache, hata kama ulimnunua kwa bei kubwa. Mimi kila mzazi namtazama saa tisa, siku tatu nne, ndipo namwandika kwenye daftari.

Wekundu wa deilili ni anthosiani, rangi ya asili ya mmea, iliyolala juu ya rangi nyingine, ya njano au ya krimu. Chini pakiwa na njano kali, unapata wekundu wa tofali. Pakiwa na krimu, wekundu unatulia. Ndiyo maana naozesha nyekundu kwa nyekundu. Ukitia njano katikati, jiandae kupata watoto wa rangi ya kutu. Na wekundu huu haukuja kirahisi. Deilili nyingi za porini huko Asia ni za njano au chungwa. A. B. Stout wa bustani ya mimea ya New York alichanganya vizazi kwa vizazi mpaka mwaka 1934 ikatoka Theron, nyekundu iliyoiva.

Jambo jingine muulize anayekuuzia: diploidi au tetraploidi? Diploidi ina kromosomu (nyuzi za urithi ndani ya seli) 22, tetraploidi 44, na kwa kawaida hawa hawazai pamoja. Ukiagiza mche kutoka nje, kibali cha TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, kwanza.

Haya, sogea karibu na kamera. Unaona nyuzi sita zenye vichwa vya unga? Hizo ndizo za kiume. Huu mmoja mrefu, umepinda juu kidogo, ndio wa kike. Kwa mama, nakata vile vichwa sita kabla havijapasuka, asije akajizalisha mwenyewe. Kwa baba nachuma uzi mmoja kwa kibano cha nyusi. Tazama dole gumba langu: manjano kabisa, utadhani nimeshika bizari. Sasa napaka unga huo kwenye ncha ya uzi wa kike, taratibu, mpaka uone umeng'ang'ania. Basi. Maliza kabla ya saa tatu, joto likipanda chavua inachoka.

Lebo usiandike kwenye karatasi, upepo wa hapa unaujua. Nakata kipande cha kopo la soda, nakwaruza kwa msumari: mama kwanza, kisha baba, na tarehe. Nafunga kwa uzi chini ya ua.

Ikishika mimba, ndani ya wiki moja utaona kitunda cha kijani kinavimba. Mwagilia, weka matandazo shinani. Baada ya wiki sita hadi nane kitakauka, kiwe cha kahawia, kipasuke juu. Kivalishe kipande cha chandarua mapema! Msimu uliopita nilikwenda msibani Kondoa siku nne tu. Narudi, tunda liko wazi na kuku wanajifuta midomo.

Mbegu ni nyeusi, zinang'aa. Zianike kivulini siku moja, zifunge kwenye tishu yenye unyevu, ziweke friji wiki tatu au nne, chini na siyo kwenye barafu. Kisha viriba, mchanga na samadi ya mbuzi iliyooza vizuri. Zitachipua kama majani ya nyasi, kwa hiyo mwambie anayepalilia. Kuchanua ni mwaka mmoja, miwili, mara nyingine mitatu.

Kila mbegu ni mtoto tofauti, hata za tunda moja. Miche 40 ya kwanza nimebakiza mitatu, mingine imekwenda shimo la mboji. Mke wangu aliita ukatili.

Saa tisa na robo sasa, nimerudi. Baba wa asubuhi yule pale: kingo zimekunjamana kidogo, wekundu upo. Huyu wa kushoto nilikuwa nampangia kesho. Mwone koo lilivyopauka, na hili baka jeupe limeshuka mpaka katikati ya petali. Namfuta kwenye daftari.