Tiketi Moja, Mashirika Mawili na Sangara

REHEMA: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Kaka Masanja amekuwa akiizungumzia tiketi ya shemeji yake wiki nzima, kwa hiyo ni heri aanze yeye ili tupumzike.

MASANJA: Nilimpokea Jumanne hapa uwanjani Mwanza, akitokea Australia. Kutoka Sydney hadi Doha alisafiri bila kutua popote, zaidi ya saa 14, kwa namba ya safari ya Virgin Australia, shirika la ndege la huko. Lakini ndege, marubani na wahudumu walikuwa wa Qatar Airways.

REHEMA: Kwa hiyo Virgin Australia ilichangia jina tu.

MASANJA: Ilichangia haki ya kuruka, dada, yaani idhini ya serikali ya kuendesha safari. Mwaka 2023 serikali ya Australia iliinyima Qatar Airways safari 28 za ziada kwa wiki katika miji mikubwa. Safari za Doha zilizoanza Juni 2025 zinatumia haki za Virgin Australia, ambayo haikuwa na ndege za kufika mbali hivyo, lakini ina ndege za ndani za kuwasambaza abiria wakishafika. Njia ndefu namna hiyo haijazwi na wakazi wa miji miwili pekee.

REHEMA: Na sisi wa Mwanza tutaruka lini kwenda Ulaya bila kupitia kwa jirani?

MASANJA: Sangara alikutangulia. Viwanda vya minofu viliposhamiri miaka ya 1990, ndege za mizigo zilitua hapa hapa kumchukua kwa ajili ya soko la Ulaya.

REHEMA: Basi huyo ndiye abiria wa daraja la kwanza, maana hata barafu anawekewa bila kuomba.

MASANJA: Cheka, lakini husafiri pia tumboni mwa ndege za abiria, baada ya kupelekwa kwa lori hadi Nairobi au Entebbe. Anayeketi juu yake amepunguziwa gharama ya mafuta na samaki.

REHEMA: Basi ampe shikamoo kabla ya kufunga mkanda. Na wakati wa kurudi, nani huketi mahali pa sangara?

MASANJA: Hapo ndipo penye tatizo, kwa sababu mzigo wa kwenda upo na wa kurudi haba. Ndiyo maana nasema shirika letu lishirikiane na la Ulaya: mshirika wa Ulaya ndiye anayejulikana na wateja wa kule, kwa hiyo ndiye awezaye kuuza viti na nafasi ya mizigo ya kurudi.

REHEMA: Ndiye pia awezaye kukugeuza kijakazi wa kumletea abiria. KLM, shirika la ndege la Uholanzi, ilinunua asilimia 26 ya Kenya Airways mwaka 1996, na ubia wao wa biashara ulivunjwa mwaka 2021. Safari ya Nairobi hadi New York, iliyoanza tarehe 28 Oktoba 2018, ni ya Kenya Airways kwa ndege zake yenyewe, na hasara ikitokea ni yake.

MASANJA: Na abiria wanaoendelea mbele ya New York husafiri na Delta, shirika la Marekani ambalo ni mshirika wake. Umenitetea bila kujua.

REHEMA: Sijakutetea. Qantas, shirika la Australia, iliacha kupitia Singapore kwenda London mwaka 2013 ili ipitie Dubai kwa mshirika wake Emirates, shirika la huko, na mwaka 2018 ikarudi Singapore na kuanzisha safari yake ya Perth hadi London, kilomita zipatazo 14,500 bila kutua.

MASANJA: Lakini haikuachana na Emirates, na hilo unaliruka kila mara.

REHEMA: Siliruki, ninasema anayemiliki ndege ndiye anayeamua.

MASANJA: Ndege bila abiria wa kuunganisha haiamui chochote.

REHEMA: Fundi wetu anaonyesha dakika moja, na wewe ulikuwa umeandaa mafunzo matatu.

MASANJA: Hata la kwanza halijaguswa. Niruhusu nimjibu kwanza huyu wa Qantas.

REHEMA: Hapana, kaka, muda umekwisha.